Kapu la Mayatima

Kwa mama huyu hakitupwi kitu. Ukimletea zawadi, jiandae kungoja: karatasi inabanduliwa kwa ncha ya kisu, inakunjwa mara nne na kuingia droo, kamba inaviringishwa kidoleni nayo inaingia droo, na zawadi yenyewe hutazamwa mwisho. Mumewe aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba siku akifa, mkewe atauliza kwanza kama jeneza linaweza kurudishwa litumike tena. Wageni walicheka, na mkewe akacheka kuliko wote, huku akiikunja bahasha tupu na kuitia mfukoni.

Tabia hiyo hakuiokota njiani. Mama yake mzazi ni fundi cherehani, fundi mpaka leo ingawa macho yamechoka na uzi anatungiwa. Binti alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota vifungo na kuvipanga kwa rangi, na kitu cha kwanza alichojifunza kusoma hakikuwa kitabu cha shule bali daftari la vipimo: kifua, kiuno, urefu, tarehe. Madaftari hayo yapo yote. Wateja wengine walishazikwa, na viuno vyao bado vimeandikwa.

Kazini wanamwita Bi Vikorokoro, na hata mlinzi wa mlangoni hajui kama ana jina jingine. Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba, vyumba viwili vinavyonuka tapentaini mwaka mzima. Watu watano hapo hutengeneza toleo lao la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta: wanaichukua ile ambayo dunia nzima hushirikiana kuiandika, wanaifunga pamoja na programu za lugha yao, kisha wanaisambaza kwa shule, zahanati na ofisi ambazo hazitaki kumpigia magoti mtu wa mbali kila kompyuta inapokohoa. Kila programu hufungwa kuwa kifurushi, na vifurushi hivyo, maelfu yake, Bi Vikorokoro amekuwa akivijenga kwa miaka kumi na tisa.

Hapa lazima nieleze jambo moja, nami nitalieleza mara moja tu. Programu ikiandikwa huwa imejaa majina. Kila kikazi kidogo ndani yake kina jina lake, pima_upana, chapa_lebo, na kila jina lina mstari wake kwenye faili fulani. Kompyuta haina haja na majina hayo. Inachotaka ni kujua iruke wapi. Kwa hiyo kabla kifurushi hakijatoka, majina huvuliwa ili mzigo uwe mwepesi, kama fundi anavyochomoa nyuzi za kushikizia kabla ya kumkabidhi mtu nguo yake. Kisha siku moja programu inaanguka huko iliko. Ikianguka huacha faili kubwa, picha ya kumbukumbu yake dakika ile ya kufa, na pale ofisini faili hilo wanaliita mzoga. Ukiupasua mzoga bila majina utaona tarakimu tupu, safu kwa safu. Ukiupasua ukiwa na majina, unasema wenyewe: nimefia hapa, nikifanya kikazi hiki, mstari huu, na aliyenituma ni fulani.

Mtu wa kutupa angeyatupa majina hayo yakishavuliwa. Bi Vikorokoro aliyatenga, kila kifurushi na faili lake, na kwa miaka kumi na mmoja akawa anayaweka kwenye diski zilizojaa kabati la chuma ambalo zamani duka la chini lilihifadhia makopo. Yote hayakuchanganyika, maana kila programu inapojengwa hupigwa mhuri wa herufi na tarakimu arobaini, na faili la majina yake hupigwa mhuri uleule wakati uleule. Mihuri ikilingana, hao ni ndugu wa tumbo moja. Isipolingana, hata wakifanana sura na namba ya toleo, ni watu baki.

Na ndani ya kabati hilo kulikuwa na sehemu aliyoiita kapu la mayatima. Miaka mingi nyuma aliingiza mstari mmoja katika mipangilio ya kila kompyuta ya ofisi, kwamba yeyote akijenga chochote, hata cha kujaribu tu, nakala ya majina iende kabatini kimyakimya. Majina yaliyofika bila kifurushi rasmi cha kuyadai ndiyo mayatima. Walikuwa maelfu, na kati yao hakuna aliyewahi kuuliziwa.

"Dada, wewe unafuga mizimu," ndivyo alivyomwambia fundi mwenzake, yule anayeitwa Kasi. Jina hilo alilipata kwa sababu hata ngazi za ofisi hupanda tatu tatu. Si mtu mbaya, Kasi. Ni mtu wa kumaliza kazi wengine wakiwa bado wanavuta viti, na vingi alivyomaliza vilikuwa vizuri. Ila kitu kikubwa humkera kama jiwe kwenye kiatu, na kabati lile lilikuwa kubwa. Diski zilipojaa, yeye ndiye aliyeandika pendekezo la kufuta majina yote ya zamani, na mkuu wa ofisi, mzee mpole asiyependa kelele, aliweka saini. Siku ya kufuta ikapangwa: Ijumaa, saa nane mchana.

Bi Vikorokoro alisema akiba haiozi. Wakamwambia akiba haiozi lakini diski hujaa. Akarudi kwenye kazi yake, maana hilo nalo ni kweli.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka benki ya damu ya hospitali. Programu ya lebo, ile inayoandika kila mfuko wa damu ni wa kundi gani na umetolewa lini, ilikuwa inaanguka. Wiki ya sita sasa. Haianguki kila siku, bali Jumanne na Alhamisi, tena bila mpango: mara lebo ya kwanza, mara ya kumi. Ikianguka, manesi huandika kwa mkono, na wiki iliyopita mfuko mmoja uliandikwa kundi silo. Nesi mwingine aliuona na kuurudisha kabla haujatoka mlangoni. Daktari mkuu wa benki hiyo hakutukana wala hakulalama. Aliandika tu kwamba kama Alhamisi saa sita mchana tatizo litakuwa bado lipo, ataiondoa programu yao na kutafuta nyingine, kwa kuwa damu haingoji fundi. Pamoja na barua aliwatumia mzoga.

Kasi aliupasua dakika ileile, wote watano wakiwa wamemzunguka. Alichukua majina ya toleo 4.2, lile lililokuwa hospitalini, akayalisha kwenye programu ya uchunguzi, ikasita na kuandika onyo fulani, naye akaibonyeza iendelee kabla mtu hajasoma. Jina likatokea juu kabisa ya safu: pima_upana.

Hakuna aliyeuliza pima_upana ni ya nani. Ilikuwa ya Bi Vikorokoro. Aliiandika miaka saba iliyopita, mistari arobaini, na aliipenda jinsi mama yake anavyopenda ukosi uliokaa sawa.

Mkuu alimwita pembeni baadaye, akamweleza kwa upole ambao ulimuuma kuliko kufokewa. Alisema miaka kumi na tisa si mchezo, kila mtu huchoka, na pengine ingekuwa vyema kuanzia wiki ijayo vifurushi vishikwe na Kasi, naye akae upande wa kuandika miongozo. Bi Vikorokoro aliitikia, "Sawa, mzee." Alirudi mezani kwake, akafungua pima_upana, akaanza kutafuta alipokosea.

Alitafuta Jumatatu. Alitafuta Jumanne kutwa, mstari kwa mstari, kwa penseli na karatasi, akajaribu lebo fupi, ndefu, tupu, za herufi za ajabu. Pima_upana ilimeza zote na kutema jibu sahihi. Mwingine angejiuliza kama kweli mwizi ni huyu. Yeye, aibu ilikuwa imemshika, na aibu haina macho. Kadiri alivyokosa kosa ndivyo alivyoamini kosa ni kubwa mno, limejificha mahali ambapo akili yake ya siku hizi haifiki.

Jumatano asubuhi simu ya ofisi ikalia, naye ndiye aliyekuwa karibu. Sauti ya mwanamke ikajitambulisha kwa majina matatu marefu, ikasema ni nesi wa benki ya damu, yule mgeni, aliyehamia wiki sita zilizopita.

"Mama, samahani kukusumbua," ilisema. "Naomba uniambie ukweli. Ni mimi?"

Bi Vikorokoro akamuuliza, wewe kivipi. Yule nesi akaeleza. Zamu zake ni Jumanne na Alhamisi. Kabla hajaja programu haikuwahi kuanguka. Wenzake walianza kwa utani, wakasema ana mkosi. Sasa utani umeisha na wamemwomba daktari amhamishie wodi nyingine. Amesomea damu, hakusomea kingine. Amejaribu kubonyeza polepole, amejaribu kunawa mikono kabla ya kugusa kibodi, amejaribu hata kuomba dua. Alhamisi ndiyo siku yake ya mwisho kama mambo hayatatengemaa.

Bi Vikorokoro alitaka kumwambia hapana, si wewe, ni mimi, kosa liko kwenye kazi ya mkono wangu. Lakini hakuwa na mstari wa kumwonyesha, na yeye hasemi jambo asilo na mstari wake. Alimwambia, "Nipe mpaka kesho, mwanangu." Alipoweka simu chini alihisi amedanganya, akaenda msalani, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Jioni alikula bila kujua anakula nini. Mumewe alikuwa safarini, na mama yake alikuwa mezani anachambua vifungo. Mlango ukabishwa, akaingia jirani wa ukuta wa pili, amebeba gauni la buluu limepasuka ubavuni toka kwapa hadi kiunoni. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeaibika mbele za watu. Alisema ameinama tu kuokota mkoba kwenye sherehe, likaachia, na kazi kama hii hakuitegemea kwa mama fundi aliyemwamini miaka yote.

Mama fundi hakubisha, wala hakuomba radhi. Alilipokea gauni, akaligeuza pindo la chini ndani nje, akalisogeza karibu kabisa na macho na kupitisha dole gumba taratibu, mzunguko mzima. Kila nguo inayotoka mkononi mwake ina mishono mitatu ya uzi mwekundu ndani ya pindo, na kipande cha utepe chenye namba iliyomo daftarini. Alizunguka mara ya pili kwa kuhakikisha.

"Hili sikulishona mimi, jirani," alisema.

Jirani akalitazama gauni tena, akakumbuka. Kitambaa kilikuwa cha magauni mawili. Moja lilishonwa hapa; la pili, kwa kuwa mama fundi alikuwa anaumwa wiki ile, alilipeleka kwingine na mchoro uleule. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yanafanana mno.

"Kufanana si kuwa moja," alijibiwa. "Liache. Nitakutengenezea."

Jirani alipoondoka, Bi Vikorokoro alimuuliza mama yake kwa nini hakumkatalia toka mwanzo, akaacha anasemwa vile.

"Ningejuaje, mwanangu? Mkono wangu nao huwa unakosea. Kabla sijakataa wala sijakubali, nageuza pindo."

Bi Vikorokoro akaweka kijiko chini. Siku tatu alikuwa amekubali, na pindo hakuligeuza. Yeye, mwenye kabati la mihuri, mwenye kuwaudhi watu miaka kumi na mmoja kwa habari za mihuri, aliona jina la kazi yake kwenye skrini ya mtu mwingine akainamisha kichwa. Alicheka peke yake hadi mama yake akamtazama.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Hakuvua hata koti. Aliuliza mzoga mhuri wake, ukajibu: unaanza na 9e41. Akafungua faili la majina ya toleo 4.2, lile alilotumia Kasi. Lilianza na 3b07.

Watu baki! Onyo lile lililobonyezwa haraka Jumatatu lilikuwa linasema hivyohivyo, kwa herufi nzima nzima. Namba ya toleo ilikuwa moja, lakini programu inayofia hospitalini haikujengwa na mashine ya ofisi, na majina waliyoivisha yalikuwa ya mwingine. Ukimvisha maiti vitambulisho vya mtu mwingine, utampa msiba asiyehusika. Pima_upana haikuwa na hatia. Furaha ilimpanda toka miguuni, ila aliikalia, kwa kuwa kujua si wewe bado si kujua ni nani, na saa sita ilikuwa inakuja.

Akautafuta mhuri 9e41 katika orodha rasmi ya vifurushi vyote. Haumo. Akatafuta katika matoleo ya zamani. Haumo. Basi akafungua kapu la mayatima, lililobakiwa na siku moja ya kuishi, akaandika mhuri ule herufi kwa herufi, akabonyeza.

Diski zile kongwe zilikwaruza muda mrefu. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha likaja jibu, mstari mmoja tu: faili moja la majina, mhuri uleule mpaka herufi ya arobaini, limefika miezi mitatu iliyopita, jioni ya kuamkia sikukuu, kutoka kompyuta ya Kasi.

Akauvisha mzoga majina yake halisi. Safari hii hapakuwa na onyo. Juu ya safu palisomeka: bandika_jina_la_nesi, mstari wa 318. Na pembeni, kile ambacho kikazi hicho kilikuwa nacho mkononi wakati kinakufa: jina la mtu, lenye herufi thelathini na saba. Alilitambua. Ndilo lililojitambulisha kwenye simu jana.

Aliitafuta bandika_jina_la_nesi katika ghala lote la programu za ofisi. Haikuwemo. Hapo hapo akasikia ngazi zinarukwa tatu tatu.

Angeweza kungoja mkuu aje, wote watano wasimame nyuma yake kama Jumatatu, aonje utamu. Nami ningekuwa yeye, sijui kama ningejizuia. Yeye aliigeuza skrini kuelekea kiti cha Kasi na kumwambia asome.

Kasi alisoma amesimama. Kisha akakaa. 

"Hiyo ni yangu, dada," alisema.

Akaeleza, bila kujitetea. Jioni ya kuamkia sikukuu hospitali ilipiga simu kuomba jina la nesi aliyetoa damu litokee chini ya lebo. Jambo dogo. Ofisi ilishafungwa. Aliandika mistari ishirini, akajenga kwenye kompyuta yake, akaacha namba ya toleo ileile, akaipeleka mwenyewe kwa flashi akiwa njiani kwenda kwao. Jina aliliwekea nafasi ya herufi ishirini na nne, maana alipiga hesabu kwa jina lake akaongeza. Aliamini aliporudi alikwisha kuiweka kwenye ghala la pamoja. Hakuiweka. Aliisahau kabisa, hata Jumatatu alipokuwa akiutazama mzoga hakukumbuka. Manesi wa zamani wote walikuwa na majina mafupi. Akaja mmoja mwenye majina matatu marefu, na kila alipochapa lebo, herufi kumi na tatu zilimwagika nje ya chombo na kuchafua sehemu ya kumbukumbu iliyo jirani yake. Siku nyingine ilipona, siku nyingine ilikufa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Vikorokoro, na Kasi hakuweza hata kutabasamu.

Walirekebisha pamoja. Ilichukua dakika ishirini: jina likapewa nafasi kadiri ya urefu wake, na likizidi upana wa lebo, pima_upana, mtuhumiwa yuleyule, ililigawa mistari miwili. Wakati kifurushi kinajengwa, safari hii kwenye mashine ya ofisi, kwa namba mpya na mhuri wake, Kasi aliuliza kwa sauti ya chini kama lazima taarifa ya kosa itaje nani na lini. Si inatosha kuandika kwamba limerekebishwa?

"Kwangu majina hayafutwi," alimjibu. "La kazi yangu lilikaa pale juu siku tatu, na kosa halikuwa langu. La kweli nalo likae."

Kasi aliinama. Mkuu alipoingia, kabla hajatundika kofia yake, Kasi ndiye aliyesimama na kumweleza yote, toka simu ya sikukuu hadi onyo alilolibonyeza, na wala hakujipunguzia. Huko ndiko kukua, na kulitokea mbele za watu. Mkuu alimsikiliza, akaenda hadi mezani kwa Bi Vikorokoro, akatazama mihuri miwili sambamba, 9e41 na 9e41. Alisema alimkosea, akasema tena kwa sauti ya wote kusikia.

Saa tano na nusu walikuwa benki ya damu, Bi Vikorokoro na Kasi, mbele ya daktari mwenye saa mkononi na manesi watatu waliosimama mbali kidogo na kompyuta. Programu mpya ikawekwa. Bi Vikorokoro akamtafuta kwa macho yule mgeni: mwanamke mwembamba, amejikunja pembeni kama mtu anayengoja kuitwa kwa kosa. Akamwambia akae.

"Sitaki kugusa, mama. Aguse mwingine."

"Wewe ndiwe ninayekutaka. Andika jina lako lote, usikate hata herufi."

Nesi akaandika.  Wakachapa lebo ya majaribio, isiyo ya mfuko wowote. Ikatoka. Wakachapa ya pili, ya kumi, ya hamsini, manesi wakaanza kusogea, na ilipofika ya mia mashine iliishiwa karatasi na programu bado ilikuwa wima kama askari. Hapo Bi Vikorokoro aliwageukia wale manesi wengine na kuwaeleza taratibu kwamba mwenzao hakuwa na mkosi. Alikuwa na jina refu kuliko sanduku alilotengenezewa, na waliotengeneza sanduku ndio hawa, wawili, wamesimama hapa. Kasi akasema, "Mmoja. Ni mimi." Daktari alitazama saa yake, akaiteremshia mkono wa shati, akasema nesi wake haendi popote.

Yule nesi aliinuka kitini. Alimkumbatia Bi Vikorokoro akamlowesha bega, naye hakufanya haraka kujitoa. Alipoondoka, Bi Vikorokoro aliomba lebo moja.

Ijumaa saa nane mchana ilifika, na hakikufutwa kitu. Saa nane na robo zilisikika ngazi zinapandwa moja moja. Ilikuwa Kasi, amebeba begani katoni ya diski mpya, jasho linamtoka, akiuliza aziweke wapi. Mwezi uliofuata toleo jipya lilipotoka, lilikuwa na amri ambayo halikuwa nayo kabla: programu ikianguka popote, shuleni au zahanati, mtu aandike neno moja tu, na kompyuta itausoma mhuri wa mzoga, itayafuata majina yake kabatini, na isipoyapata yaliyolingana itakataa kuendelea hata ukiibonyeza. Kasi ndiye aliyeiandika. Walipomuuliza amri hiyo iitwe nani, alisema jina lipo siku nyingi. Sasa kila kompyuta yao, ukiandika vikorokoro, inajua la kufanya.

Lakini Alhamisi ile ile, jioni kungali na mwanga, Bi Vikorokoro alimkuta mama yake dirishani anamalizia ubavu wa gauni la buluu. Alikaa karibu yake akamsimulia yote. Mama alisikiliza bila kuinua macho, akauliza kama pindo aligeuza. Akajibiwa, nimegeuza. Akauliza na yule nesi je.

Bi Vikorokoro akatoa lebo mkobani. Mama aliishika, akaisogeza machoni, herufi zilikuwa ndogo mno kwake. Akamwambia amsomee. Akamsomea, jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho wa mstari wa pili.

"Refu hilo," alisema mama.

"Limeenea lote, mama."

Mama akavuta daftari la vipimo, akafungua ukurasa mpya, akaibandika lebo hapo kwa kidole gumba, na chini yake akaandika tarehe.